Dozi ya Kabla ya Safari Haimkingi Mtoto

"Dokta, nimpe mtoto dozi gani ya kumsafisha damu kabla ya kupanda treni?" Kila mwanzo wa Julai, shule zikishafungwa na mizigo ikianza kufungwa, akina mama wa Naviundu, hapa Lubumbashi, huniletea swali hili. Mmoja anakwenda Kalemie, mwingine Kongolo, mwingine Mwene-Ditu, wote kumwonyesha bibi wajukuu. Wengine hawaulizi hata dozi. Wameshanunua dawa ya malaria, Coartem ya mtu mzima, wakaigawa kati ya watoto watatu, au wameshalipia serumu ya kwinini katika farmasi ya jirani, na wanachotaka kwangu ni kuambiwa wamefanya vema. Siwezi kuwaambia hivyo, na nimechoka kulijibu swali hili mlangoni, mtu ameshika tiketi mkononi.

Dawa ya kutibu malaria huua vimelea vilivyomo damuni wakati huo. Haimjengei mtoto ukuta. Mtoto anayeondoka Lubumbashi mwezi wa Julai, zaidi ya miezi miwili tangu mvua kwisha, mara nyingi hana kimelea cha kusafishwa. Tuseme ninyi mmempa kwinini. Kwa mtu mwenye afya, nusu yake hutoka mwilini katika muda wa saa 11 hivi, kwa hiyo baada ya siku chache imekwisha yote, na treni huenda bado haijafika Kabalo. Coartem ina dawa mbili. Artemetha hutoweka upesi sana. Lumefantrini hukawia zaidi, lakini nayo hupungua kila siku, na baada ya wiki mbili hivi si ya kutegemewa. Mtoto anakaa kwa bibi mpaka mwisho wa Agosti. Nani anamlinda wiki zile zilizobaki?

Kuna pia wanaorudia dozi siku ya kurudi, "kuacha malaria hukohuko". Mbu anapomwuma mtoto, vimelea haviingii kazini damuni moja kwa moja. Kwanza hukaa kwenye ini kwa karibu wiki nzima, na kwinini wala Coartem hazivifikii huko. Mtoto aliyeumwa usiku wa mwisho stesheni ataanza homa akiwa Lubumbashi, kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa, wakati mwingine mwezi mzima. Ndiyo maana Septemba, darasani, wanaanguka wale wale waliosafiri.

Kwinini yenyewe si maji. Hushusha sukari ya damu, na mtoto mdogo aliyepewa serumu bila kula anaweza kupata degedege, kisha watu wakasema malaria imempanda kichwani. Mmemletea hatari ambayo hakuwa nayo. Lakini kinachonikasirisha kuliko hayo ni imani inayobaki nyuma ya dozi. Homa ikitokea Kongolo, mama anasema, "Si malaria, alishapata dozi." Wanatafuta tifoidi. Siku mbili zinapita, na malaria ya falsiparum haihitaji zaidi ya hapo kumuua mtoto wa miaka mitatu.

Hoja ninayoletewa baadaye ni ya ukoo: "Sisi ni watu wa kule, damu yetu imezoea." Najua historia hiyo. Migodi na reli ndizo zilizoleta familia nyingi huku kutoka Tanganyika, Lomami na Kasai, na tangu kipande cha Kamina hadi Kabalo kilipokamilika mwaka 1956, treni imekuwa ikiwarudisha watu nyumbani kusalimia. Lakini mazoea ya malaria hayarithiwi kama jina la babu. Mwili huyapata kwa kuambukizwa mara nyingi tangu utotoni, na huyapoteza ukikaa mbali. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, na chini ya nyuzi 18 hivi kimelea karibu hakikomai ndani ya mbu. Malaria ipo hapa, hasa wakati wa mvua, ila si sawa na ya kando ya mto Lualaba au ziwa Tanganyika. Binamu wa Kongolo wa umri uleule ameshapambana nayo mara nyingi, na wengine wa rika lake hawakupona. Mtoto wa Naviundu anafika kama mgeni. Ulaya nako wagonjwa wengi wa malaria ni Waafrika wanaoishi kule waliorudi kutembelea wazazi wakiamini bado ni wenyeji.

Dozi hizi ovyo zinatuumiza sote pia, kwani dawa kidogo iliyobaki damuni ndiyo inayochagua vimelea sugu. Huko Rwanda, Uganda na Tanzania, majirani zetu kabisa, usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, jamii ya artemetha, umeshathibitishwa. Na anayetaka kuniambia habari za chai ya artemisia, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi yake kwa kinga wala kwa tiba.

Sasa yanayofaa, upesi. Dawa za kinga halisi zipo, na humezwa kabla, wakati na baada ya safari: atovakwoni na proguanili, ghali, kila siku, mpaka siku 7 baada ya kurudi; doksisiklini, kila siku, mpaka wiki 4 baada ya kurudi, si kwa mtoto chini ya miaka 8 wala mjamzito; meflokwini, mara moja kwa wiki, ianze wiki 2 au 3 kabla, si kwa mwenye kifafa. Mtoto apimwe uzito kwanza, kwa hiyo njooni Juni. Mwenye selimundu, mnayemwita SS, na mama mjamzito wasiondoke bila kuonana na daktari. Chanjo ya R21 ilianza nchini mwishoni mwa 2024 kupitia Kongo Central. Ni dozi nne kuanzia miezi 6, si sindano ya wiki ya safari, na haiondoi haja ya chandarua. Chandarua chenye dawa kiwekwe juu ya mizigo, si chini ya magunia, maana usiku wa kwanza wa hatari ni wa njiani, mkilala stesheni. Jioni nguo za mikono mirefu. Homa yoyote, kule au hapa, mpaka miezi mitatu baada ya kurudi, ipimwe siku hiyohiyo kwa kipimo cha haraka au tone la damu, na mwambieni mganga kabla hajauliza: tumetoka Kongolo.