Kiazi, chumvi na mbolea inayounguza kabichi

Umeweka CAN kwenye kabichi, siku chache baadaye majani yanaungua kingo na mche unanyauka, wakati udongo bado una unyevu. Unasema mbolea ni feki. Kabla hujamlaumu mwenye duka, rudia lile jaribio la baiolojia la sekondari, hapo hapo jikoni.

Menya kiazi mviringo, kata vipande viwili vilivyo sawa, unene wa kidole. Kimoja weka kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Subiri saa mbili tatu. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinavunjika. Cha chumvi kitalegea na kupinda kama mpira.

Kwa nini? Kiazi kimejengwa kwa seli. Utando wa seli hupitisha maji kirahisi, ila chumvi haipiti kirahisi. Maji huhama kufuata upande wenye chumvi nyingi, ndiyo maana seli zinasinyaa.

CAN nayo ni aina ya chumvi. Ukiirundika shinani, mzizi haunywi maji tena, unanyang'anywa.

Basi iweke sentimita 5 hadi 10 kutoka shina, ifukie, udongo ukiwa na unyevu, tena kwa awamu. Kama umeshakosea, mwagilia maji mengi mapema ili kuipunguza makali. Kiazi kimoja cha majaribio ni nafuu kuliko kitalu kizima.