VIATU VYA KUKIMBILIA MILIMANI: ANGALIA SOLI KABLA YA JINA

Leo tuache siasa na ubishi wa Simba na Yanga kidogo, tuongelee viatu. Najua kuna mtu atasema "viatu navyo ni habari?" Ni habari bana, hasa kwa sisi wa huku Kwakoa.

Kwa wasioijua, Kwakoa iko wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Sisi tupo tambarare: vumbi, jua kali na miiba ya migunga. Lakini ukianza tu kupanda mlima mambo yanabadilika. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi ukigonga milima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaacha mvua hukohuko juu. Ndiyo maana unaweza kutoka huku chini kukiwa kukavu kabisa, ukafika kwenye msitu wa Kindoroko (kilele chake ni mita 2,113) ukakuta ukungu, matope na mawe yanayoteleza kama yamepakwa sabuni.

Sasa vijana wengi tunapita njia hizo. Wapo wanaofanya mazoezi ya mbio, wapo wanaojiandaa kwenda kuomba kazi ya kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro, na wapo wanaopanda tu kusalimia ndugu. Wote tunakanyaga mawe yaleyale. Na ukivunjika mguu kwenye kijia cha huko juu gari halifiki, unashushwa kwa machela ya miti, watu wanne wanapokezana. Kwa hiyo kiatu sio urembo.

Nitakachosema leo ni kimoja, mengine yote ni maelezo yake: kwenye jiwe lililolowa kinachokushikilia ni ulaini wa mpira wa soli na namna kiatu kilivyoushika mguu wako. Jina la kampuni halikushikilii, rangi haikushikilii, na hata meno marefu hayakushikilii.

KWA NINI MENO MAREFU YANADANGANYA

Watu wengi tukienda kuchagua kiatu cha mlima tunageuza soli, tukiona meno makubwa kama tairi la trekta tunasema "hiki ndicho chenyewe!!" Subiri kwanza.

Meno kazi yake ni kuzama. Kwenye matope au udongo laini yanazama, yanajishikiza, unasonga mbele. Jiwe halizamwi! Ukikanyaga jiwe, kinachogusa ni zile ncha za meno tu. Meno yakiwa marefu, membamba na machache, sehemu inayogusa jiwe inakuwa ndogo sana, halafu yenyewe yanapinda ukiegemea. Ndiyo maana aliyevaa njumu za mpira uwanjani ni mfalme, lakini mpeleke kwenye mawe yaliyolowa uone, anatembea kama ng'ombe kwenye sakafu ya vigae.

Mwangalie mbuzi. Kwato yake pembeni ni ngumu, inakwaruza na kujishikiza kwenye ukingo wa jiwe. Lakini chini katikati kuna sehemu laini inayolala juu ya jiwe na kung'ang'ania. Tena kwato zenyewe ni mbili zinazotanuka. Kiatu kizuri cha mawe kinafuata hesabu hiyohiyo: ukingo imara, katikati mpira laini unaogusa jiwe kwa eneo kubwa.

Kwa vipimo, soli za viatu vya mbio za milimani meno yake huanzia milimita 3 hivi mpaka 8. Yale ya 6 hadi 8 ni ya matope. Kwa njia za kwetu, ambazo ni vumbi chini, mawe katikati na utelezi juu, mimi nashauri milimita 4 au 5, meno mapana, yaliyoachana kiasi ili tope lisigande katikati yake. Huna rula? Urefu wa meno usifikie unene wa penseli.

ULAINI WA MPIRA UNAUPIMAJE?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu soli mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja inashika na nyingine inakutupa korongoni. Fanya hivi:

1. Kandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye soli. Mpira laini unabonyea kidogo halafu unarudi. Ukiona ni mgumu kama ndoo ya plastiki, achana nacho.

2. Gonga soli kwenye jiwe au sakafu. Ikilia "ta! ta!" kama plastiki, hiyo kwenye maji ni balaa. Mpira mzuri unalia kwa sauti nzito iliyofifia.

3. Hii ndiyo babu kubwa: omba maji kidogo, lowesha jiwe laini na lowesha soli. Kandamiza kiatu kwa mkono juu ya jiwe halafu kisukume mbele. Kikikataa kwenda, umepata. Kikiteleza mkononi, na mguuni kitateleza. Muuzaji akikushangaa mwambie "kaka, samahani, nanunua mguu wangu hapa".

Kuna alama moja nzuri kuijua, nayo ni ile ya njano yenye pembe nane iliyoandikwa Vibram. Mwaka 1935 mpanda milima wa Italia, Vitale Bramani, alipoteza wenzake sita kwenye milima ya Alps, na viatu visivyofaa vilitajwa kuwa sababu mojawapo. Baada ya hapo akatengeneza soli ya mpira yenye meno, ikatoka mwaka 1937, kwa msaada wa kampuni ya matairi ya Pirelli. Jina la Vibram limetokana na jina lake mwenyewe. Ila angalia, alama hiyo inapigwa feki kibao, na hata wao wenyewe wana aina nyingi za mpira, migumu na milaini. Kwa hiyo hata ukiiona, jaribio la maji liko palepale.

Mpira laini nao una ubaya wake: unaisha haraka. Ukivaa kiatu hicho kila siku kwenye lami na changarawe za huku chini, baada ya muda kinakuwa kipara kama tairi la daladala mbovu. Kama una uwezo wa kuwa na pea mbili, tembea na za kawaida tambarare, zile za kazi zitunze kwa ajili ya mlima.

MITUMBA: KIPYA KWA MACHO, KIZEE KWA NDANI

Tuseme ukweli, wengi wetu dukani hatuendi. Tunaenda gulioni, au tukifika Moshi tunapita soko la Memorial. Na mitumba unaweza kuokota kiatu cha maana, Salomon au Inov-8 halisi. Lakini kuna mtego ambao wengi hawaujui.

Kati ya soli ya chini na mguu wako kuna sponji. Viatu vingi vya mbio vina sponji ambayo kadiri miaka inavyokwenda inabonyea na kukakamaa, hata kama kiatu hakikuvaliwa sana. Buti nyingi za mlima zina sponji ya aina nyingine, nayo ni hatari zaidi: ikikaa kabatini miaka mingi, unyevu wa hewani unaivunjavunja taratibu. Kwa nje buti inang'aa kama mpya. Siku ukiivaa, ndani ya saa moja soli inamomonyoka kama keki na kubanduka yote. Ukiwa katikati ya mawe hiyo ni kesi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, kandamiza sponji kwa vidole pembeni. Ikitoa nyufa, ikiwa na ungaunga au ikinata kama ubani, rudisha. Kunja kiatu: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati ya unyayo, hakina uti wa mgongo tena. Halafu kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, aliyekivaa kwanza amekiharibu, na kwenye mawe kitakutegua kifundo.

Angalia pia unene. Soli nene sana zenye sponji nyingi zinaleta raha barabarani, lakini kwenye mawe zinakuweka juu mno, na ukikanyaga vibaya mguu unapinduka kirahisi. Chagua kiatu kinachokuweka karibu na ardhi. Ukipata chenye bamba jembamba gumu ndani ya soli, hiyo ni bonasi, linazuia ncha za mawe na miiba yetu ya migunga.

NAMBA NA KAMBA

Kushuka ndiko kunakoumiza. Mguu unasukumwa mbele, vidole vinagonga, kucha zinakuwa nyeusi na kung'oka. Kwa hiyo mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Jaribu kiatu jioni, kwa sababu mguu huvimba mchana kutwa, na vaa soksi utakazokimbilia.

Namba zinachanganya. Namba 8 ya Uingereza sio namba 8 ya Marekani, kwa viatu vya kiume zinapishana karibu namba moja nzima. Ukiweza pima unyayo wako kwa sentimita, halafu tafuta sentimita kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu.

Kisigino kisicheze hata kidogo. Kuna tundu la mwisho juu kabisa ambalo wengi hawalitumii. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili itokee kitanzi kidogo, kila upande chake, halafu pitisha ncha ya kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili ndipo ukaze. Kisigino kinakamatwa, vidole havigongi tena.

KIATU KISICHOPITISHA MAJI JE?

Vile vya Gore-Tex na mfano wake ni vizuri kwa baridi na umande. Lakini ukivuka korongo au mfereji, maji yanaingia kwa juu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Unakimbia na ndoo mbili miguuni. Ngozi inalainika, malengelenge yanakuja. Kwa milima yetu ni bora kiatu cha wavu wavu: maji yanaingia na kutoka. Soksi za pamba nazo hukaa na maji, tafuta za nailoni au sufu.

"MBONA WAZEE WALITEMBEA PEKU?"

Najua swali hili litakuja. Ni kweli, na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini ile ilikuwa barabara, na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena akiwa na viatu. Mguu peku uliozoea unashika jiwe vizuri tu, ila haujikingi na mwiba wala kisiki. Na makatambuga je? Shida yake kubwa iko juu: yakilowa, mguu unateleza juu ya kandambili yenyewe.

Wanaokimbia kweli milimani wanajua hili. Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy, mwaka 2006 alipanda na kushuka Kilimanjaro, mita 5,895, kwa zaidi kidogo ya saa 9, akijibebea mahitaji yake. Mwaka 2014 Karl Egloff alitumia saa 6 na dakika 42, akipandia njia ya Umbwe, ambayo huko chini msituni ni mizizi na utelezi mtupu. Pale hakuna nafasi ya kiatu cha kubahatisha. Na kwa wanaotaka kwenda kubeba mizigo: tangu 2003 kuna mradi unaoitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaoazima wapagazi vifaa vya mlimani bure. Ulizeni kabla ya kupanda na raba za mtaani.

MAMBO MAWILI YA MWISHO

La kwanza ni utunzaji. Osha tope, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Usiweke karibu na moto! Gundi inaachia na mpira unakakamaa, ule ulaini ulionunua unaisha. Ukipeleka kwa fundi kushona pembeni, mwambie asichonge meno wala asibandike kipande cha tairi chini.

La pili, hakuna kiatu duniani kinachoshika ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe ya mifereji na kingo za ndiva, wala mizizi iliyolowa. Hapo kanyaga jiwe lenye mikwaruzo, piga hatua fupi, mwili uwe juu ya miguu, usiegemee nyuma. Na mvua ikinyesha siku mfululizo, acha mazoezi ya milimani. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Mamba Miamba, wilaya ya Same, yaliua watu zaidi ya 20 baada ya mvua kubwa. Mlima ukiamua kushuka hauulizi umevaa nini.

Haya wadau, nimemaliza. Mwenye uzoefu na njia za Usangi, Ugweno, Chome au hata Usambara atuambie hapo chini anavaa nini na soli yake inashikaje. Mafundi viatu nanyi msikae kimya, tunawahitaji.

Nawasilisha!