Gari likilia njia ya Bagamoyo, usikimbilie shokapu

MWENYE gari la biashara anayenunua shokapu mpya kwa sababu tu gari linalia chini, mara nyingi hununua kitu kisichohitajika. Katika njia ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo, ambako chumvi, mchanga na matuta hukutana kila siku, chanzo cha mlio huo huwa ni bushi ya mpira iliyochakaa, springi iliyokauka au kiungo kilichopoteza grisi. Kati ya hivyo vipo vya bei ndogo sana. Kipo pia kimoja ambacho kikipuuzwa kinaweza kuliangusha gari barabarani.

Hali ya barabara yenyewe imebadilika. Katika miaka ya 1990 safari ya takriban kilomita 70 kwenda Bagamoyo ilikuwa ya mashimo na vumbi, na kila mtu alijua ni nini kinachoua gari. Leo lami inafika mjini Bagamoyo na kuendelea kupitia Kiwangwa hadi Msata, kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera. Hata hivyo, milio haijakwisha. Mashimo yamepungua, lakini yamebaki matuta ya Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, pamoja na njia za mchanga na udongo zinazochepuka kwenda Kaole, Mlingotini na kwenye mashamba ya mananasi.

Juu ya hayo kuna hewa ya bahari. Chumvi inayopeperushwa na upepo hushika chuma na kuvuta unyevu, na kutu hutangulia pale ambapo rangi imechubuka. Kwa magari yanayobeba samaki hali ni mbaya zaidi, kwani maji ya barafu iliyochanganyika na chumvi huchuruzika kutoka kwenye bodi na kutua moja kwa moja juu ya springi za nyuma. Pikapu inayobeba samaki kutoka sokoni Bagamoyo inaweza kuanza kulia mapema kuliko pikapu ya umri uleule inayobeba mananasi ya Kiwangwa, ingawa ya mananasi hubeba uzito mkubwa zaidi.

Kila mlio na mahali pake

Kabla ya kwenda dukani, mwenye gari anapaswa kujua mlio unatokea lini. Mkwaruzo mkavu unaosikika gari linapopanda tuta polepole huelekeza kwenye bushi za mpira au kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, kama zile za nyuma ya pikapu. Mgongano mdogo wa haraka kwenye vishimo vidogo huelekeza kwenye linki ya stabilaiza au kiungo kilicholegea. Mlio unaotokea usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye beringi iliyo juu ya shokapu za mbele, au kwenye boljointi. Kishindo kimoja wakati wa kushika breki au kuondoka huelekeza kwenye bushi kubwa za amu, au kwenye bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli.

Shokapu yenyewe ni nadra kulia kwa mkwaruzo. Kazi yake ni kutuliza mdundo wa springi, na inapokufa huonyesha dalili nyingine: mafuta yanavuja kwenye mwili wake, gari linaendelea kudunda baada ya kupita tuta, na tairi linaliwa kwa mabonde mabonde. Gari lisilo na hata moja ya dalili hizo, lakini linalia, si la kupelekwa kwenye duka la shokapu.

Msimu nao hutoa ushahidi. Wakati wa masika gari lililokuwa likilia hunyamaza ghafla, na mwenyewe hudhani limepona. Kilichotokea ni kwamba maji yamelainisha mpira au tabaka za springi kwa muda. Jua likirudi, mlio nao unarudi. Gari linalonyamaza wakati wa mvua limekwisha kueleza kwamba tatizo lake ni mkwaruzo wa mahali pakavu.

Kipimo cha maji ya sabuni

Dalili hiyo ya mvua ndiyo msingi wa kipimo rahisi kuliko vyote. Fundi huchukua chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo. Msaidizi huliinamisha gari kwa kulikandamiza juu ya tairi moja mpaka mlio usikike. Kisha fundi hupulizia bushi moja tu, na gari hukandamizwa tena. Mlio ukiendelea, anahamia bushi ya pili. Ukikatika, mgonjwa amepatikana. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na gharama yake ni sabuni tu.

Kwa mlio wa usukani, mtu mmoja huzungusha usukani taratibu wakati mwingine ameweka kiganja juu ya springi ya mbele, akiwa amekaa mbali na tairi. Springi inayojikunja na kuruka badala ya kuzunguka kwa ulaini huonyesha kwamba beringi ya juu imekwama.

Ni muhimu pia kuondoa washukiwa wa uongo. Bodi ya pikapu iliyolegea bolti, mpira wa kuning'iniza bomba la moshi na jeki isiyofungwa vizuri vyote hutoa milio inayofanana na ya springi. Wapo waliokwisha kufungua nusu ya gari ndipo wakagundua kwamba kilichokuwa kinagonga ni spana chini ya kiti.

Hesabu ya mfano

Tofauti ya fedha inaonekana vizuri katika hesabu ifuatayo, ambayo ni ya mfano tu, si bei za soko. Chukua gari la abiria linaloleta hesabu ya shilingi 60,000 kwa siku. Mwenyewe ananunua shokapu 4 kwa shilingi 80,000 kila moja, analipa ufundi shilingi 40,000, na gari linalala siku 2. Jumla ni shilingi 480,000. Kama chanzo kilikuwa bushi za stabilaiza, gari litatoka gereji likiendelea kulia.

Sasa chukua mwenye gari aliyepima kwanza. Bushi 2 za stabilaiza kwa shilingi 8,000 kila moja ni shilingi 16,000. Ufundi ni shilingi 15,000. Gari limesimama nusu siku, yaani shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 61,000, na mlio umekwisha. Wa kwanza ametumia karibu mara 8 ya wa pili, na bado hajafika alikokuwa anakwenda.

Oili chafu si dawa

Desturi moja inayoharibu magari ya pwani ni kumwagia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu na kunyamazisha mlio. Kwa siku chache gari hutulia kweli. Lakini oili ya injini na grisi ya kawaida hula mpira: bushi huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Aidha, oili hunasa mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili husaga chuma kama msasa. Ikifika kwenye breki, hatari yake haihitaji maelezo.

Mpira unaohitaji kulainishwa hupakwa grisi ya silikoni, ambayo haiuharibu. Ukiwa umekwisha kupasuka, hakuna cha kupaka; dawa yake ni kuubadilisha.

Springi za tabaka zina matibabu yake. Gari hunyanyuliwa kwa chesisi na kuwekwa juu ya stendi imara, ili ekseli ining'inie na tabaka ziachane kidogo. Springi husafishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kutu hupigwa kwa brashi ya waya, kisha grisi ya grafiti huingizwa kati ya tabaka. Vipande vya plastiki vinavyotenganisha ncha za springi, kama vipo na vimeliwa, hubadilishwa. Ni vema wakati huohuo kukaza bolti za ekseli na kuangalia bolti ya katikati. Bolti hiyo ikikatika, ekseli husogea na gari huanza kwenda upande.

Suala la maji lisichukuliwe kirahisi. Visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kuongeza tatizo linaloondolewa. Gari linalobeba samaki linafaa kumwagiwa maji ya bomba chini baada ya kila siku ya kazi, hasa kwenye springi na mikono yake.

Kilicho cha kununua kipya

Katika maduka ya Kariakoo, Gerezani na Ilala mnunuzi hukuta kipuri kimoja katika sura tatu: kipya cha kampuni iliyounda gari, kipya cha mtengenezaji mwingine, na kilichotumika kutoka nje. Si kila kilichotumika ni kibaya. Springi ya chuma isiyo na ufa wala kutu nzito, au amu iliyonyooka, inaweza kufanya kazi kwa miaka.

Mpira ni jambo jingine. Mpira huzeeka kwa miaka hata kama gari halitembei sana, hivyo bushi iliyotoka kwenye gari lililoegeshwa Japani ina umri uleule wa gari hilo. Bushi, mauntini za mpira na boljointi zinunuliwe mpya. Shokapu iliyotumika ni bahati nasibu: huenda ikaonekana kavu dukani, ikaanza kuvuja baada ya wiki mbili za matuta.

Zipo pia bushi za kuchonga, zinazotengenezwa na mafundi wa hapa kutokana na nailoni au mpira wa tairi. Kwenye springi za pikapu zinaweza kusaidia. Kwenye amu za magari madogo mara nyingi huleta mlio mpya, kwa kuwa bushi ya asili imegandishwa kwenye chuma chake na hujipinda, wakati ya kuchonga huteleza na kukwaruza.

Namna ya kufunga nayo huamua maisha ya bushi. Ikiingizwa kwa nyundo badala ya presi, huumia kabla haijaanza kazi. Vilevile bushi za amu za aina hiyo ya kugandishwa zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Bolti hukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya tairi. Zikikazwa amu inaning'inia, mpira hujipinda mara tu gari linaposhushwa, hukaa umenyongwa muda wote na kukatika mapema. Makosa hayo ni chanzo kimoja cha malalamiko kwamba "bushi mpya hazidumu".

Mlio usiosubiri

Katika milio yote, wa boljointi ndio usiofaa kuvumiliwa hata kwa safari moja ya ziada. Kiungo hiki hushikilia mguu wa tairi la mbele. Kifuko chake cha mpira kikichanika, grisi hutoka, maji ya chumvi na mchanga huingia, na kiungo huanza kulia kabla ya kulegea. Kikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, tairi hulala na usukani haufanyi kazi tena. Kwa gari lenye abiria katika barabara nyembamba yenye malori, hapo hakuna cha kuokoa.

Fundi hukipima kwa kunyanyua gari, kulikamata tairi juu na chini na kulitikisa, kisha kuingiza mtaimbo mdogo chini ya kiungo na kukibinya. Kikicheza, gari halitoki gereji mpaka kibadilishwe, na baada ya hapo alaimenti ya matairi ipimwe upya.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwenye gari anayeogopa kusimamisha hesabu ya nusu siku ili kiungo kipimwe, anajiwekea deni ambalo siku ya kulipwa haichagui yeye. Mpangilio wa busara ni kupima kwanza, kutaja kwa jina kipuri kilichoharibika, kununua hicho peke yake, na kumtaka fundi akirudishe cha zamani mkononi. Kipuri cha zamani kikionekana kizima, ni haki ya mwenye gari kuuliza kwa nini kimetolewa.