Pedro Sánchez: Alipigwa chini na chama chake, akarudi kuwa Waziri Mkuu. Anadumu vipi?

Ukitaka kuelewa siasa za Hispania, anza na namba moja: 176. Hivyo ndivyo viti vinavyompa mtu wingi katika bunge la watu 350. Pedro Sánchez hajawahi kuvikaribia akiwa kiongozi wa chama chake cha PSOE, lakini ndiye Waziri Mkuu tangu Juni 2018.

Sánchez, mchumi aliyezaliwa Madrid mwaka 1972, alichaguliwa kuongoza PSOE mwaka 2014. Mwanzo ulikuwa mchungu. Uchaguzi wa Desemba 2015 alipata viti 90, wa Juni 2016 vikashuka hadi 85.

Wakubwa wa chama wakataka PSOE iache kumzuia Mariano Rajoy wa chama cha kihafidhina cha PP ili nchi ipate serikali. Sánchez akagoma. Oktoba 1, 2016 wajumbe hawakuwa na huruma: kura 132 dhidi ya 107, akajiuzulu. Mwisho wa mwezi huohuo akaachia na ubunge.

Wengi walidhani ngoma imeisha. Jamaa akapanda gari lake, Peugeot, akaanza kuzunguka nchini kuongea na wanachama wa kawaida. Mei 2017 wanachama hao wakamrudisha kwa takriban nusu ya kura, akimbwaga Susana Díaz, kipenzi cha vigogo wa chama.

Mwaka mmoja baadaye, mahakama ilitoa hukumu ya ufisadi iliyokigusa chama cha Rajoy. Sánchez akaleta hoja ya kutokuwa na imani. PSOE ilikuwa na viti 84 tu, na yeye mwenyewe hakuwa mbunge, lakini vyama vidogo vikamuunga mkono: 180 dhidi ya 169. Ilikuwa mara ya kwanza hoja kama hiyo kumng'oa Waziri Mkuu tangu demokrasia irudi Hispania. Baraza lake la kwanza lilikuwa na mawaziri wanawake 11 kati ya 17.

Hapo ndipo ilipo siri yake: kuhesabu. Julai 2023 PP ilishika nafasi ya kwanza kwa viti 137, PSOE 121. Kiongozi wa PP, Alberto Núñez Feijóo, akakosa washirika wa kutosha. Sánchez akazipata kura 179, zikiwemo saba za Junts, chama cha Carles Puigdemont aliyekimbilia Ubelgiji baada ya jaribio la Catalonia kujitenga mwaka 2017.

Bei yake ilikuwa sheria ya msamaha kwa waliohusika na jaribio hilo, jambo ambalo Sánchez alikuwa amelipinga kabla ya uchaguzi. Wapinzani walijaa barabarani. Kwao huo ni usaliti, kwa wafuasi wake umetuliza Catalonia. Ukweli ni kwamba bila zile kura saba asingerudi madarakani.

Sasa moto umehamia nyumbani. Aprili 2024, baada ya mahakama kuanza kumchunguza mkewe, Begoña Gómez, alijifungia siku tano akitafakari kujiuzulu, kisha akabaki. Mkewe anakanusha makosa.

Juni 2025 Santos Cerdán, mtu wa tatu kwa nguvu ndani ya chama, alijiuzulu kwa tuhuma za rushwa anazozikana. Sánchez aliomba radhi hadharani. Anayetajwa pia kwenye kashfa hiyo, naye akikana, ni waziri wa zamani José Luis Ábalos. Huyo ndiye aliyesimama bungeni mwaka 2018 kuitetea hoja ya kumng'oa Rajoy kwa sababu ya ufisadi.

Uchaguzi mkuu unatakiwa kufanyika ifikapo mwaka 2027.