Cimpunda: Nani alipe kazi ya kupima mlima?

Wasomaji wetu wa Bukavu hawana haja ya kuelezwa mvua ya Cimpunda ni nini. Ikianza mwezi wa 9, haituachi vizuri mpaka mwezi wa 5. Njia zinageuka mito, udongo unashika kiatu, na maji yanayotoka ku manjanja ya nyumba ya juu yanaanguka mbele ya mlango wa nyumba ya chini. Kila msimu kuna ukuta unaolala, kuna parseli inayopungua, kuna familia inayohamisha vyombo usiku. Asubuhi tunasema ni mapenzi ya Mungu. Kisha tunajenga tena, pale pale, na ginsi ile ile.

Leo tunataka kusema juu ya kitu kimoja kisichotajwa sana katika maneno haya: kazi ya kupima udongo na kuandika kanuni za kujenga. Ni kazi ya wahandisi na wanasayansi. Haina kelele, haipigwi picha, na njo maana pesa zake zinakatwa za kwanza.

Maswali ya fundi

Fundi wa Cimpunda anaulizwa kila siku maswali makubwa ya kitaalamu, hata kama hakuna anayeyaita hivyo. Msingi ushuke mpaka wapi? Nyumba ikae mita ngapi toka ku ukingo wa bonde? Ukuta wa kushikilia udongo uachiwe matundu mangapi ya kutolea maji? Beto ya nguzo itiwe simenti kiasi gani?

Majibu yapo. Katika mafundisho ya ujenzi tuliyorithi toka Ulaya, beto yenye vyuma inatiwa karibu kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, ndiyo mifuko 7 ya kilo 50. Kisha vipande vya beto ile vinapelekwa ku labo, vinangoja siku 28, vinavunjwa na mashine ili kujua nguvu yao. Hapa kwetu mwenye nyumba akihesabu makuta yake, mifuko 7 inakuwa 4, na hakuna mtu anayekuja kuvunja kipande chochote.

Si kusema fundi ni mbaya. Anafuata jicho lake, mafundisho ya mkubwa aliyemfundisha kazi, na mfuko wa mwenye nyumba. Lakini jicho halioni chini ya udongo. Kanuni ya kitaalamu ni kama jicho la watu wengi: wamepima mahali pengi, wamehesabu nyumba zilizoanguka na zile zilizosimama, wakaandika ili yule anayejenga leo asianze toka zero.

Na kanuni iliyoandikwa kwa mji mwingine haitoshi kwetu. Bukavu imekaa juu ya mawe ya volkano ya zamani sana, mawe ambayo maji na jua vimeyageuza udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Ukishiba maji unateleza. Kitabu cha Brussels au cha Paris hakiwezi kumwambia fundi wa Kadutu mwisho wa mteremko ambao hapaswi kuupita. Lazima mtu aje apime hapa.

Waliopima walionyesha nini?

Kuna waliokuja kupima. Funu, hapa hapa commune ya Kadutu, ni moja kati ya mahali ambapo mlima wenyewe unatembea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake. Wanasayansi kutoka Ubelgiji, pamoja na wenzao wa hapa Bukavu, walilinganisha picha za ndege za zamani na za satelaiti, kwa muda wa karibu miaka 70. Mwaka 2022 kazi yao ilitoka katika jarida kubwa la dunia, Nature Geoscience. Walionyesha kwamba mji ulipoongezeka, mlima nao uliongeza mwendo. Maji ndiyo chanzo kikubwa: maji ya mabati na ya njia yanayokosa mfereji, pamoja na matiyo yanayovuja chini ya ardhi. Yote hayo yanaingia udongoni.

Tuelewe uzito wa habari hiyo. Kwa miaka mingi tuliambiana kwamba mmomonyoko unatoka mbinguni. Kumbe sehemu yake inatoka ku manjanja yetu. Hii ni habari mbaya, lakini ni nzuri pia, juu mvua hatuwezi kuizuia, lakini maji ya manjanja tunaweza kuyaongoza.

Na mvua si peke yake. Siku ya Mungu tarehe 3 mwezi wa 2, 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa kusini mwa Ziwa Kivu. Upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walikufa, na hapa Bukavu pia tulizika. Mwezi wa 5, 2023, mvua ya siku moja ilifuta Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Waliokufa walihesabiwa kupita 400. Bonde letu la Kivu halilali.

Toka karatasi mpaka kiwanja

Sasa swali ni hili: kati ya jarida la 2022 na fundi anayechimba msingi Cimpunda leo, nani anajenga daraja?

Katika nchi nyingi, kazi hiyo ni ya shirika la wahandisi wenyewe. Wanaunda komite ya ufundi. Komite inasoma utafiti, inapima udongo wa kila quartier, inaandika kanuni fupi, inazijaribu ku labo, inazifundisha mafundi, na baada ya miaka michache inazirudilia. Hapa Congo, sheria ya mwaka 2018 iliunda Ordre National des Ingénieurs Civils. Ni jambo jema, na lilichelewa: kwa zaidi ya miaka 60, watu wa urbanisme walitegemea dekreti ya tarehe 20 mwezi wa 6, 1957, iliyoandikwa kabla ya uhuru, wakati Bukavu ilikuwa mji wa watu wachache. Leo tunapita milioni moja.

Lakini sheria haina miguu. Shirika la kazi kama hilo linaishi kwanza kwa mchango wa wanamemba wake. Mhandisi aliye na kazi analipa mchango. Mhandisi asiye na kazi analipa nini? Na mchango ukiingia, unakula kwanza kodi ya biro na safari za mikutano. Kupima udongo kunabaki nyuma. Vyombo ni bei, labo ni bei, kurudi mahali pale pale kila mwezi ni bei. Basi kazi hiyo inaachiwa mradi wa wafadhili, na mradi una tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Mlima hauna tarehe hizo.

Somo la Goma

Ginsi pesa zinavyokatwa, na nini kinafuata, tuliona kwa jirani zetu. Observatoire Volcanologique de Goma, OVG, inachunga Nyiragongo na Nyamulagira. Kwa miaka Banque mondiale ilikuwa inasaidia kazi hiyo. Mwaka 2020 pesa zile zilifika mwisho na hazikurudishwa; wakati ule kulikuwa pia na tuhuma za matumizi mabaya ya pesa. Kwa miezi kadhaa observatwari ilikosa hata intaneti ya kupokea habari za vyombo vilivyowekwa mlimani. Vyombo vilikuwepo, mlima ulikuwepo, wasomi walikuwepo. Kilichokosekana ni kulipa uzi unaowaunganisha.

Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Watu karibu 30 walikufa, maelfu ya nyumba yaliungua. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliambiwa ihame, na wengine walifika mpaka hapa Bukavu. Tuseme ukweli wote: wataalamu waliochunguza baadaye waliandika kwamba volkano haikutoa dalili za kawaida, na pengine hata vyombo vizima visingetosha kuonya mapema. Lakini mtu aliyefunga jicho hawezi kusema kwamba hakukuwa na kitu cha kuona. Watu wa Goma walinyimwa hata haki ya kujua.

Katika jambo hilo kuna masomo mawili, si moja. La kwanza: kazi ya kupima isitegemee mfuko mmoja wa mbali. La pili: pesa za kupima zihesabiwe mbele ya watu wote, juu tuhuma ikiingia, anayeadhibiwa ni yule anayelala chini ya mlima.

Mwaka wa mapigo mawili

Mwaka 2025 ulituletea yote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, na tarehe 1 mwezi wa 7 USAID ikafungwa rasmi. Katikati hapo, mwezi wa 2, Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23; mabenki yalifunga, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafunga. Katika hali kama hiyo, kila biro inachagua: chakula, dawa, hema. Hatuwezi kuwalaumu. Mwenye njaa hangojei kanuni ya beto.

Lakini tuangalie upande wa pili. Wakati wa vita watu wanakimbia vijiji na wanakuja mjini, na wanaokuja bila makuta wanapata wapi mahali? Wanapata kule ambako bei ni ndogo: ku mteremko mkali, kando ya bonde, juu ya mfereji wa zamani. Wakati pesa za kanuni zinakatwa, ndio wakati nyumba zisizo na kanuni zinazidi.

Na hesabu yenyewe haidanganyi. Msingi ukiongezwa siku moja ya kuchimba, mfereji wa mawe nyuma ya nyumba, pipa la kupokea maji ya manjanja, ni gharama ya mara moja. Ukuta ukilala usiku, tunalipa ukuta, tunalipa hospitali, na mara nyingine tunalipa sanduku. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Cimpunda ukuta huo tunaujenga kila mwaka.

Tufanye nini?

Tunaona mambo matatu yanayowezekana, hata katika siku hizi ngumu.

Kwanza, anayejenga kwa ruhusa analipa taxe. Sehemu ndogo ya pesa hiyo, hata ikiwa ndogo sana, ingewekwa pembeni kwa kazi moja tu: kupima na kuandika kanuni za mji. Pesa ndogo inayokuja kila mwezi ni bora kuliko pesa nyingi inayokuja miaka minne kisha inapotea.

Pili, wahandisi wetu wasingoje kitabu kikubwa. Karatasi moja kwa kila quartier, kwa Kiswahili, yenye michoro: msingi, mfereji, umbali toka ku bonde, mifuko ya simenti. Université Officielle de Bukavu ina wanajiolojia wanaoujua udongo huu kwa mikono yao. Mafundi wanajua kusoma mchoro kuliko sisi wote. Kinachokosekana ni kuwakalisha ku meza moja, na meza si bei.

Tatu, sisi wenyewe. Siku ya salongo tusifagie njia tu. Tufungue mifereji, na tuangalie maji ya kila nyumba yanaenda wapi. Tiyo inayovuja ku avenue isiwe kisima cha bure cha watoto kwa miezi mitatu. Shefu wa avenue aandike ku kaye ufa mpya umeonekana wapi na tarehe gani, apime upana wake kwa rula ya shule, kisha arudi kuupima mwezi ujao. Hiyo nayo ni kupima mlima, na haihitaji mfadhili.

Hatusemi kwamba kaye ya shefu inaweza kuchukua nafasi ya labo. Tunasema kwamba siku pesa za labo zitakaporudi, mhandisi akikuta kaye ya miaka miwili yenye tarehe na sentimita, atakuwa na pa kuanzia. Akikuta kaye tupu, ataanza toka zero, na mlima utakuwa umekwisha tembea.