MAJI TWAHARA NA MAJI SALAMA: CHUJIO LINATUFUNDISHA NINI?

  

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila aliyesoma Safinatun-Najaa anaukumbuka mlango wa maji. Tunasomeshwa kuwa maji machache ni yasiyofikia qullatayni, nayo yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika. Maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Elimu hii ni msingi wa udhu na sala zetu.

Lakini lipo swali jingine ambalo kila nyumba inapaswa kujiuliza. Je, maji yanayofaa kutilia udhu ndiyo hayo hayo yanayofaa kunywa? Jibu ni kuwa si lazima. Tazameni bahari yetu ya Mikindani na Msimbati. Maji yake ni twahara na yanatwaharisha, tunatilia udhu na kuogea janaba bila shaka yoyote, lakini hakuna anayechota kata akanywa. Kwa hiyo utwahara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jambo la pili. Muislamu anatakiwa ayajue yote mawili.

Uchafu usioonekana

Katika zama hizi umezuka uchafu ambao wazee wetu hawakuwa nao, nao ni chembechembe za plastiki. Wataalamu wanaita hivyo kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5. Mbegu ya ufuta ina urefu wa kiasi cha milimita 3, basi kipande cha ukubwa wa ufuta kimo katika hesabu hiyo, na vipo vingine vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Vinatoka wapi? Plastiki haiozi kama jani la mnazi. Jua huikausha, mawimbi huipiga, nayo hukatika vipande, na kila kipande hukatika tena. Mfuko wa rambo uliotupwa, ndala iliyokatika, chupa ya maji, kamba na wavu wa nailoni ulioachwa ufukweni, vyote huishia huko. Hata nguo za poliesta zikifuliwa hutoa nyuzi ndogo sana zinazokwenda na maji.

Hukumu yake katika fiqhi

Plastiki yenyewe si najisi. Aidha, haiyeyuki katika maji ikachanganyika nayo kama maziwa au chai. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kitu twahara kilicho jirani tu na maji, mfano wa kipande cha mti, hakiyaondolei maji sifa ya kutwaharisha. Basi asitiwe mtu wasiwasi katika udhu wake kwa ajili ya chembe hizi.

Ama katika kunywa, dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Hapo ndipo tunapowauliza watu wa elimu ya tiba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ushahidi uliokuwepo wakati huo haukuonesha hatari kubwa kwa kiasi kilichopatikana katika maji ya kunywa, lakini likataka utafiti uendelee. Likasisitiza pia kuwa vijidudu vya maradhi ndivyo vya kupigwa vita kwanza. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda katika mishipa ya shingo. Wagonjwa 150 kati yao walikutwa na plastiki ndani ya mafuta hayo, na hao ndio waliopatwa zaidi na shambulio la moyo, kiharusi au kifo katika miaka iliyofuata. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa plastiki ndiyo sababu, lakini unatosha kumfanya mwenye akili achukue hadhari.

Chujio hufanyaje kazi?

Siri ya chujio ni ukubwa wa tundu. Chekecheke huzuia chicha la nazi na kuachia tui. Kitambaa huzuia vidogo zaidi. Nchini Bangladesh wanawake wa vijijini walifundishwa kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, na utafiti uliotolewa mwaka 2003 ukaonesha kuwa kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Nguo kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kutanuka, na matundu yamekuwa madogo.

Chujio la mchanga linakwenda mbali zaidi. Chini huwekwa kokoto, juu yake changarawe, kisha mchanga safi mwingi. Maji hupita polepole, uchafu ukikwama katikati ya punje na mwingine ukinata juu yake. Baada ya wiki chache hujengeka utando juu ya mchanga wenye viumbe vidogo vinavyokula vijidudu vya maradhi.

Mtanzania mwenzetu, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, aliuchukua mchanga huo huo akauongezea madini yaliyotengenezwa kwa ufundi wa chembe ndogo kabisa, ili yanase hata uchafu ulioyeyuka kama floraidi inayosumbua maeneo ya kaskazini. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi barani Afrika inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza. Jambo kubwa katika kazi yake ni kuwa chujio hutengenezwa kwa kufuata uchafu wa mahali husika. Kwanza unayajua maji yako, kisha unayatafutia dawa.

Tufanye nini majumbani?

Mwaka 2024 watafiti wa Guangzhou, China, waligundua jambo lililo karibu sana nasi. Maji yenye chokaa yakichemshwa, chokaa huganda na kuzifunga chembe za plastiki ndani yake. Ukiyachuja baadaye, unaondoa chembe nyingi, hadi kufikia asilimia 90 pale chokaa ilipokuwa nyingi. Katika maji yasiyo na chokaa faida ilikuwa kiasi cha robo tu. Visima vingi vya pwani vimechimbwa penye mawe ya chokaa, na ukoko mweupe ndani ya birika ndio alama yake. Basi fuateni mpango huu:

1. Acheni maji yatuame, kisha yachujeni kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa.
2. Yachemsheni mpaka yatokote, ili vijidudu vife.
3. Yaacheni yapoe katika sufuria, kisha yachujeni tena. Ule ukoko wa chini msiumimine.
4. Yahifadhini katika mtungi wenye kifuniko, na msimimine maji ya moto katika chombo cha plastiki.

Chujio lililo bora

Pamoja na hayo, hakuna chujio la kuisafisha bahari. Tangu mwaka 2000 eneo letu la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari, yenye matumbawe, mikoko na kasa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara. Sheria ipo, lakini sheria haitainama kuokota chupa ufukweni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani, na amekataza kuchafua mahali watu wanapoteka maji. Mwanafunzi anayetupa mfuko mtaroni leo, kesho mvua itaupeleka baharini, na keshokutwa dagaa ataurudisha sahanini kwake.

Tunawaomba wazazi mtusaidie kuyasimamia haya nyumbani, nasi tutayasimamia madrasa. Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuhifadhi neema ya maji kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.