Masomo Yaliyonaswa Ndani ya Flash

Programu jalizi ni programu inayopachikwa kwenye kivinjari, yaani chombo cha kufungulia kurasa za wavuti, ili kukiwezesha kuonyesha video, katuni au jaribio la kuigiza ambalo chenyewe hakikuweza kulionyesha. Iliyoenea kuliko zote ilikuwa Flash, ambayo tangu 2005 ilimilikiwa na kampuni ya Adobe. Leo mwanafunzi wa Jinja au Mbale, nchini Uganda, akifungua kwa simu ukurasa wa somo uliotengenezwa kwa Flash, aghalabu hulikosa somo lenyewe, akaona kisanduku cha kijivu na taarifa fupi kwamba programu jalizi hiyo haitumiki.

Utengano kati ya simu na Flash ulianza mapema. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007 bila Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa kampuni iliyoitengeneza, alichapisha barua ya wazi akieleza kuwa teknolojia hiyo inamaliza betri, ina mianya ya usalama na haikuundwa kwa ajili ya kidole. Hoja hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kurasa nyingi za Flash zilitegemea mshale wa kipanya upite juu ya kitufe bila kubofya ndipo menyu ijifungue, ilhali kwenye kioo cha simu kidole ama kimegusa au hakijagusa. Simu za Android ziliipokea Flash mwaka 2010, lakini Novemba 2011 Adobe ilitangaza kuacha kuiendeleza kwa vivinjari vya simu, na Agosti 2012 ikafunga mlango kwa wanaotaka kuiweka kwa mara ya kwanza kutoka duka la Google. Nafasi yake ilichukuliwa na HTML5, lugha ya kuundia kurasa iliyoidhinishwa rasmi Oktoba 2014, ambayo humwezesha mtu kutazama video ndani ya kivinjari bila kupachika kitu kingine chochote. Kwa mwenye simu ya bei nafuu, uamuzi wa kuiacha Flash ulikuwa wa haki.

Hasara iliwaangukia walimu na wanafunzi, maana masomo yaliyokwisha kutengenezwa hayakuhama yenyewe. Adobe iliachana na Flash kabisa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasifunguke hata kwenye kompyuta. Wakati huo shule za Uganda, zilizofungwa Machi 2020, zilikuwa bado hazijafunguliwa kikamilifu, hatua iliyosubiri hadi Januari 2022, na kwa familia nyingi simu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kufikia masomo ya mtandaoni. Isitoshe, usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima hadi tarehe 18.

Kompyuta ya maabara ya shule isiyounganishwa na intaneti, yenye toleo la Flash lililotangulia kizuizi hicho, inaweza kuendelea kufungua masomo ya zamani kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu siku diski yake itakapoharibika, au fundi atakapoisafisha na kuweka mfumo mpya, somo hilo litapotea bila mtu kutambua.

Njia ya kuyaokoa masomo hayo ipo. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder umeyaunda upya majaribio yake mengi ya sayansi kwa HTML5, na yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti, nafuu kubwa katika nchi ambako kodi ya asilimia 12 kwenye bando ilianza kutozwa Julai 2021. Kwa kazi ambayo haikuundwa upya kuna Ruffle, programu huria inayoiga utendaji wa Flash, ingawa haifungui kila faili ipasavyo. Kugeuza somo liwe video kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, kwani mwanafunzi atalitazama jaribio bila kuweza kulifanya. Walimu na wakuu wa vyuo wa Jinja na Mbale watafute kwenye kompyuta zao kila faili inayoishia na herufi swf, wainakili mahali pawili, na waijaribu kwa Ruffle kabla kompyuta hizo hazijabadilishwa.